Programu Bure kwa Wote

4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na wajinga nao wameanza.

Kundi letu la mtandaoni linaitwa Programu Bure kwa Wote. Jina hilo alilitunga shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye tangu apate kundi hataki tena kuitwa jina alilopewa na mama yake. Anaitwa Mwenyekiti. Tulianzisha kundi kwa kazi moja tu: kugawana bure programu za kuendesha mashine za kutotolesha mayai. Mimi naandika programu, yeye anasalimia watu. Leo nimefungua nikakuta mmoja anatafuta programu ya kupamba picha za harusi, mwingine anauza viatu, mwingine anaomba aombewe mtihani, mwingine anauliza kama tunao mchezo wa mpira. Katikati ya soko hilo kulikuwa na mama mmoja aliyeuliza tangu juzi kwa nini mashine yake haigeuzi mayai. Hakuna aliyemwona. Nilipomjibu akaniambia ahsante, mayai yameshaharibika.

Nikampigia Mwenyekiti.

"Shemeji, tubadilishe jina. Tuseme wazi kuwa ni mashine za mayai, na tuseme kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi."

"Ah, shemeji, ukitaja mayai utabaki na wenye kuku peke yao."

"Ndio ninaowataka."

"Wewe unawataka hao. Mimi najenga jukwaa."

Nikamwambia mtaka yote hukosa yote. Akacheka, akakata simu.

5 Machi

Mvua. Viatu tena.

9 Machi

Niandike kuhusu wifi yangu, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Ni dada yao hawa wawili, mume wangu na Mwenyekiti. Tangu mwaka uanze anakaa kwenye chumba changu cha nyuma, chumba nilimokuwa nimeweka meza yangu ya kazi, na mimi sasa nachomelea vifaa vyangu vya umeme kwenye meza ya jikoni kama mkimbizi. Amemwacha mumewe, na kwa hilo simlaumu, yule bwana nimemwona. Alimtangazia mbele ya watu kwamba atarudi mwenyewe mvua ikimnyeshea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimempa mashine. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti, amemtengenezea boksi, nami nimemwekea programu. Mfugaji mmoja mkubwa ameagiza vifaranga kwake. Vikitoka vizuri atampa kazi ya kumtotoleshea moja kwa moja, na ng'ambo ya barabara kuna vyumba viwili vyenye ua ambavyo mwenye nyumba amekubali kumwekea mpaka mvua ziishe.

Sikufanya kwa upendo. Nataka chumba changu.

11 Machi

Mayai yameingia mashineni. Wifi amevuta godoro lake hadi karibu na boksi. Anayalinda kama askari wa benki.

15 Machi

Nimerudi kutoka karakanani kwangu, dukani ninakotengeneza vifaa vya umeme, nikakuta meza ya jikoni imepanguswa mpaka inang'aa. Vipande vyangu vidogo vyote, vile nilivyokuwa nimevipanga kwa ukubwa, viko kwenye pipa la taka chini ya maganda ya vitunguu.

"Nilidhani ni uchafu," alisema wifi.

"Ulidhani. Mdomo wa kuuliza huna?"

"Ni meza ya chakula, wifi. Vyuma vimezagaa. Mtoto akimeza?"

"Mtoto yupi? Nyumba hii haina mtoto."

Akanikazia macho, kitambaa bado mkononi. "Ndiyo," akasema. "Haina."

Miaka minane ya ndoa, hakuna aliyewahi kunitamkia hivyo, hata mama mkwe. Nimeokota vitu vyangu kwenye pipa kimoja kimoja, na mume wangu amesimama mlangoni akikuna kidevu. Tangu leo, huyo mwanamke na mimi hatusemezani.

16 Machi

"Mwambie mkeo gesi inakwisha." Mume wangu kasimama katikati yetu. Nami nikamwambia: mwambie dada yako nimeona.

19 Machi

Mvua haikatiki. Watu wanavuna mahindi yakiwa yamelowa, kwa hiyo kila mwenye boksi na feni ametengeneza kikaushio. Na kwa kuwa kikaushio na mashine ya mayai vinatumia bodi ileile ndogo ya umeme, wote wamehamia kwetu. Mwanachama mmoja mkulima amechukua programu yangu, akaipandisha joto, akaigeuza ya kukausha nafaka. Nimeikagua. Kazi yake ni nzuri, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na Mwenyekiti, aliyeibandika juu kabisa ya ukurasa na kuiita Toleo Jipya la Joto.

"Shemeji, andika hapo kwamba ni ya nafaka."

"Watu wanajua."

"Nani amewaambia?"

"Shemeji, unajua tumefika wangapi? Kuna kongamano linanialika nikazungumze. Wanasema sisi ndio jukwaa kubwa kuliko yote. Halafu wewe unanililia neno moja."

Yupo pia Fundi Friji, ambaye sijawahi kumwona uso na sina hamu. Mgeni akiuliza swali, yeye hamjibu. Anadai picha, anadai maelezo, anamrudisha mtu aanze upya kama hakimu. Nimemwambia Mwenyekiti amtoe, anafukuza watu. Ndilo jambo pekee tuliloelewana wiki hii, na bado hajamtoa.

22 Machi

Baridi. Nguo hazikauki. Maswali ya joto hayaishi.

24 Machi, mchana, karakanani

Tangu nifungue duka najibu swali lilelile. Joto halifiki, joto linashuka, mahindi yanaota ukungu. Hawasomi kilichoandikwa juu, wanafungua mdomo tu. Wa mwisho alikuwa na maua mekundu badala ya picha ya uso, na hakusalimia: "Joto linashuka tangu juzi kwa ajili ya hii baridi. Nifanye nini?" Nikamwandikia: "Swali hili limejibiwa hadi limechoka. Pakua toleo jipya hapo juu, weka, nyamaza."

Wanachama wamecheka sana. Nami nimecheka, na moyo umepoa kidogo.

25 Machi

Nina hasira na sijui hasira yenyewe nimwelekezee nani.

Jana jioni, tangu mlangoni, nilisikia harufu ya mayai ya kuchemsha. Nikajua wifi anapika, na nikaanza kupanga maneno ya kumpa mume wangu ampelekee kuhusu gesi. Jikoni hapakuwa na mtu. Nikaenda chumba cha nyuma. Wifi alikuwa ameketi sakafuni, mlango wa mashine wazi, akivunja mayai moja moja kwenye beseni. Ndani ya kila yai kulikuwa na kifaranga kilichoanza kuota manyoya, kimeiva.

"Nani ameigusa programu?" nikauliza. Ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu siku ile ya meza.

"Mimi."

"Na nani alikwambia uiguse?"

Hakuinua kichwa. Akavunja yai jingine, akalitazama, akaliweka na wenzake. "Wewe," akasema.

Akanisogezea simu yake kwa mguu. Kwenye kioo kulikuwa na maua mekundu, na chini yake maneno yangu.

Nilikaa chini.

"Joto lilikuwa linashuka," alisema wifi, taratibu, kama anamsomea mtu barua. "Nikaona nikuulize. Lakini nikuulize vipi na hatusemezani? Kaka yangu, huyo mumeo, nimtume tena? Nimechoka kumtuma. Nikasema huko kwenye kundi lenu upo, unajibu kila mtu, utanijibu na mimi."

"Ungesema ni wewe."

"Ili uninunie na huko?"

"Basi ungesema ni mashine ya mayai. Wote waliokuwa wanauliza walikuwa wakaushaji wa mahindi. Ningejuaje?"

"Kundi linaitwa la wote, wifi. Mimi ningejuaje kwamba leo ilikuwa zamu ya mahindi?"

Hayo anayoyasema ndiyo niliyokuwa nikimpigia kelele Mwenyekiti tangu mvua ianze, na sasa yananirudia kutoka kwenye mdomo niliouchukia.

Alikuwa amepakia toleo jipya mara tu nilipomjibu, akaona joto linapanda, akashukuru Mungu, akaenda kwa mfugaji kumwambia kila kitu kinakwenda vizuri. Aliporudi boksi lilikuwa halishikiki.

"Angenijibu mtu mwingine ningeuliza mara mbili," alisema. "Nilipoona ni wewe sikuuliza. Nilijua roho yako ni mbaya lakini kazi yako ni safi. Ukaniambia niweke, ninyamaze. Nikaweka. Nikanyamaza."

Akainuka na beseni, akapita mbele yangu kwenda kulimwaga nje, kwenye mvua.

26 Machi

Sikwenda kazini.

28 Machi

Mfugaji amesema atafikiria. Mwenye nyumba wa ng'ambo ameshamwonyesha mtu mwingine vile vyumba. Na yule mume wake, sijui nani alimpelekea habari, amepiga simu. Wifi aliweka sauti ya nje huku anachambua mchele, sote tukasikia: "Nasikia kuku wamekushinda. Mlango uko wazi, njoo tu, hatutaulizana." Kwa sauti ya upole kabisa. Wifi akakata simu, akaendelea na mchele. Alichambua sinia lilelile mara mbili.

Nimeona kitu ambacho sikutaka kukiona: kwamba huyu mwanamke akirudi kule, atakuwa amerudishwa na mimi.

Jioni nilisimama mlangoni kwake. "Unataka nifanye nini?"

"Mayai huwezi kuyarudisha."

"Najua."

"Ulinijibu mbele ya watu wote wakanicheka. Basi waambie watu walewale ulichonijibu kimefanya nini. Na usiseme 'kulitokea makosa.' Sema nani."

29 Machi

Nimeandika. Nimesema mimi, Msimamizi wa Pili, nilijibu bila kuuliza mashine ni ya nini, nikamwelekeza mwenye mayai kwenye programu ya kukausha mahindi, na mayai yake yote yameiva. Nimesema jina la kundi halimwambii mtu yuko wapi, na kile kilichobandikwa juu hakisemi ni cha nini. Nimeomba kila mwenye mashine ya mayai asikiguse.

Nilikwenda kuteka maji. Niliporudi maandishi yalikuwa yamefutwa.

"Shemeji," alisema Mwenyekiti kwenye simu, "kongamano ni Jumamosi. Mtu akifungua kundi akakutana na mayai yaliyoiva?"

"Ndiyo maana nimeyaweka. Ayaone."

"Makosa ya mtu mmoja hayawezi kuchafua jukwaa zima. Malizaneni nyumbani, ni mambo ya wanawake."

Nikaandika tena. Ikafutwa. Nikaandika mara ya tatu na nikakuta siwezi kuandika: ameninyang'anya usimamizi na kunifungia. Kundi nililolianzisha, lenye programu zangu mwenyewe, nalitazama kupitia dirisha.

31 Machi

Mume wangu aliita kikao cha familia, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na nadhani alijutia kabla chai haijamiminwa kwenye vikombe. Mwenyekiti alikuja na viatu vipya vya kongamano. Alizungumza habari za umoja. Alisema kuuliza si ujinga, na kwamba kundi lake limefungua mlango kwa kila mwenye swali.

"Mimi niliuliza," alisema wifi.

"Dada, wewe ulikosa tu bahati."

"Sikukosa bahati. Niliingia kwenye chumba chenye watu wengi mno na mimi nikiwa na shida ndogo. Wewe ndiye uliyewaingiza. Na huyu," akanielekezea kidole bila kunitazama, "alinijibu vibaya, lakini amesimama akasema ni yeye. Wewe umemfuta ili upate kusimama kwenye jukwaa na suti."

"Sasa mmekuwa kitu kimoja?"

"Hapana," tukasema wote wawili.

Mwenyekiti aliondoka bila kumaliza chai. Mume wangu aliimaliza.

3 Aprili

Fundi Friji ameniandikia faragha. "Nilisoma ulichoandika kabla hakijafutwa. Nimeona na wengine wawili waliokuwa karibu kuweka toleo lile kwenye mayai, nimewazuia. Wewe hukuuliza maswali kwa sababu ulikuwa unataka kuchekesha. Fungua kundi lako. Mimi nitafungua la vikaushio, tutapeana watu." Hakuna salamu, hakuna pole. Nilikasirika kutwa nzima, na kila nikikasirika naona amesema kweli. Huyu ndiye niliyetaka atolewe.

6 Aprili

Nimekaa jikoni na karatasi, nikatunga jina la kundi jipya. Nililipenda. Wifi alipita kuchukua chumvi, akasoma nyuma ya bega langu.

"Jukwaa Huru la Wabunifu wa Mifumo ya Kidijitali ya Utotoleshaji," alisoma kwa sauti. "Hili ni jina au ni adhabu?"

"Hujaulizwa."

"Ndiyo, hamuulizi watu, ndiyo maana mnawapikia mayai." Akavuta kiti, akaketi. "Mimi nina yai linapoa mkononi. Nitatafuta neno gani? Mfumo? Kidijitali?"

"Utatafuta nini?"

"Nitatafuta mayai. Kutotolesha. Weka hayo mbele, mengine weka nyuma."

Nikaandika: Kutotolesha Mayai – Programu za Mashine. Akaitikia kwa kichwa, kwa shida, kama mtu anayelipishwa.

"Sasa andika wasilete nini," akasema.

"Vikaushio. Hao wana kundi lao, nitaweka njia ya kwenda huko."

"Dawa za kuku?"

"Hapana."

"Bei za vifaranga?"

"Hapana."

"Kuku wenyewe?"

"Yai likishapasuka, waende kwingine."

Nusura acheke. Alijizuia akaangalia chumvi. Kisha tukabishana sana kuhusu majina ya programu. Mimi nilitaka kila programu ipewe namba ya toleo tu, kama inavyofanywa. Yeye akasema namba hazimwambii mtu kitu, iandikwe ya nini na ya boksi gani, kisha namba zifuate. Nilimpinga mpaka nikaishiwa. Mwisho nikaandika sheria ya kwanza: mwenye swali ataje mashine yake, la sivyo hajibiwi. Amri hiyo aliniongoza kuiandika neno kwa neno, akaenda na chumvi yake kupikia jikoni kwa jirani, maana kwetu mimi nilikuwa nimejaza meza.

8 Aprili

Kundi limefunguliwa. Wanachama wachache. Mwenyekiti ameandika kule kwake kwamba kuna watu wenye roho finyu wanaogawanya jamii.

9 Aprili

Wifi alikwenda mwenyewe kwa mfugaji akamweleza ukweli wote, pamoja na jina langu. Amepewa trei chache za mayai ya kujaribia. Nimeikagua programu mbele yake mara tatu. Alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni, na kila nilipobonyeza aliuliza nimebonyeza nini. Sikuruhusiwa kununa.

17 Aprili

Yule mama wa mayai yasiyogeuka, wa mwezi wa tatu, amejiunga. Amesema amelipata kundi kwa kuandika neno kutotolesha tu. Nimempigia kelele kwa kusahau kutaja mashine. Ametaja.

22 Aprili

Mvua na ukimya. Hakuna aliyeandika kundini leo. Nimelipenda zaidi.

30 Aprili

Vifaranga vimetoka. Siyo vyote, lakini vingi, na kelele zao zimejaa nyumba. Mume wangu alisimama mlangoni akicheka peke yake kama mlevi. Wifi alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi na analia waziwazi, na hakunificha. Nilisimama nyuma yake. Nilitaka kumwekea mkono begani. Sikumwekea, kwa sababu lile neno lake la siku ya meza bado liko mahali pake, na sidhani litahama.

Nilisema, "Hongera, wifi."

Akasema, "Funga mlango, baridi inaingia."

10 Mei

Mfugaji amekubali. Yule mtu mwingine aliyeonyeshwa vyumba vya ng'ambo hakurudi, kwa hiyo wifi amehama leo, na mashine juu ya mkokoteni imefunikwa turubai. Hakuaga vizuri. Alimkumbatia kaka yake, mimi akanipa ufunguo wa chumba. Mumewe wa zamani alipiga simu tena akiwa bado anapakia. Safari hii hakuipokea, aliiacha ilie mfukoni mpaka ikachoka.

Nimerudisha meza yangu chumba cha nyuma. Chumba ni kikubwa kuliko nilivyokikumbuka.

13 Mei

Mvua zimepungua. Mwenyekiti amewauliza wanachama wake kama kuna anayejua kutengeneza programu za mayai.

18 Mei

Asubuhi, karakanani, nimefungua kundi na kukuta maua mekundu.

"Unyevu unapungua tangu jana. Nifanye nini?"

Nilijua ni nani. Nilijua mashine, nilijua boksi, naijua hata kona ambayo mume wangu aliichomelea vibaya. Vidole vilikuwa tayari kwenye jibu. Nikavitoa.

"Taja mashine," nikaandika.

"Unaijua."

"Sheria ni moja kwa wote. Taja mashine."

Wengine wote walikuwa wanasoma, niliwaona wakiwa hewani. Nikadhani amekasirika ameondoka, na nikashangaa jinsi nilivyoogopa.

Kisha ikaja:

"Ya kutotolesha mayai. Ile uliyonipikia."

Nikamwuliza ni ya bodi gani, toleo gani, maji yako kiasi gani kwenye trei. Alijibu kila swali. Nikamwandikia la kufanya, hatua kwa hatua, na mwisho nikamwambia asiguse kitu mpaka nifike. Nimefunga duka mapema na nimevuka barabara.